Je-Ikiwa na Majaribio Arobaini na Moja ya Kimya

Mtu huyu ana jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini siku hizi linatumika kwenye kadi yake ya hospitali tu. Ofisini, nyumbani na hata kwa kinyozi wanamwita Je-Ikiwa, kwa kuwa nusu ya sentensi zake huanza hivyo. Je, ikiwa mlango utajifunga wenyewe? Je, ikiwa dereva naye hajui njia? Siku mkewe alipojifungua, alimwuliza mkunga kama wamewahi kujaribu kuzima taa za wodi ghafla waone itakuwaje. Mkunga alimshika mabega, akamgeuza, akamtoa nje, na mtoto alizaliwa salama bila ushauri wa baba yake.

Watu wa aina hii ama hupata presha mapema, ama hupata kazi ya kujaribu programu za kompyuta. Je-Ikiwa alipata vyote viwili.

Ofisi yao iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Ni chumba kirefu chenye meza sita, feni inayopuliza upande mmoja tu, na dirisha ambalo ukilifungua halifungiki mpaka mtu aliite majina mabaya. Humo wanatengeneza programu iitwayo Ghala. Wanaoitumia ni waandishi wa programu wa ofisi nyingine: kila mmoja ana nakala ya kazi kwenye kompyuta yake, na nakala kubwa ya wote iko kwenye seva. Kazi imegawanywa katika matawi, tawi la jambo hili na tawi la jambo lile, ili kilichokwisha kisichanganyike na kilichoachwa nusu. Ukimaliza lako, unaandika neno "sukuma", na kazi inakwenda kwenye nakala ya wote.

Sasa, je, ikiwa mtu ataandika "sukuma" halafu anyamaze? Asiseme tawi lipi, asiseme liende wapi. Ghala ifanye nini?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa la kizembe. Ukinyamaza, Ghala inabeba kila tawi lako ambalo jina lake liko pia kwenye seva, na kuyasukuma yote kwa mkupuo. Ulitaka kutuma moja, yanakwenda saba, likiwemo lile uliloliacha katikati jana ulipoitwa kula. Mwaka huu Mkuu wa ofisi akasema imetosha: katika toleo jipya, mtu akinyamaza, liende tawi analofanyia kazi wakati huo, basi. Badiliko hilo aliliandika mwenyewe ili vijana wajue bado anaweza. Alipomaliza alitembea kati ya meza akiwa amekunja mikono ya shati, kama aliyetoka kuzalisha ng'ombe.

Je-Ikiwa akaandika majaribio arobaini na moja. Ofisini waliyaita majaribio ya kimya, maana kila moja lilifanya jambo lilelile: linaunda seva ya bandia kwenye folda, linaunda matawi ya bandia, linaandika "sukuma" bila neno la pili, kisha linahesabu matawi yaliyofika. Kuna la tawi moja, la matawi mawili, la matawi saba, la tawi ambalo seva haijawahi kulisikia. Likifaulu, mstari wa kijani. Likifeli, mwekundu.

Yalitoka kijani yote. Hakuamini. Akayarudia kila asubuhi kwa wiki mbili, kama wengine wanavyosikiliza taarifa ya habari, na kila asubuhi kijani tupu kuanzia juu mpaka chini. Alhamisi akasaini fomu ya kupitisha. Katika miaka kumi na minne hakuwahi kusaini fomu bila kuongeza kijineno chini: "isipokuwa", "kwa sharti", "nashauri tungoje". Safari hii alisaini tu. Dada wa mapokezi aliipiga fomu picha.

Na kwa vile mtu akilegea hulegea mwili mzima, jioni ileile akafanya jambo jingine ambalo hajawahi kufanya. Alimhakikishia mtu.

Mtu mwenyewe ni Shemeji, mdogo wa mkewe, anayeishi kwao katika chumba kilichokuwa cha kupigia pasi. Shemeji ni mwandishi wa programu katika ofisi inayotuma meseji za kuwakumbusha wagonjwa siku zao za kliniki. Alikuwa ameajiriwa kwa miezi mitatu ya kuangaliwa, na mwezi wa tatu ulikuwa unaisha kesho yake, Ijumaa. Saa tano angeonyesha kazi yake mbele ya bosi wake, mama mmoja mkavu ambaye ofisi nzima inamwita Madam, kisha ingeamuliwa kama abaki au aende. Alikwisha kuacha kazi nyingine kwa ajili ya hii. Je-Ikiwa akachukua kompyuta ya Shemeji, akaiwekea toleo jipya la Ghala kwa mkono wake mwenyewe, huku sahani zikiwa bado mezani.

"Shemeji, nina matawi mawili," Shemeji akasema. "La ripoti limekwisha, ndilo nitakalosukuma kesho. La vikumbusho liko nusu. Humo nimeweka meseji ya kujaribia, inamwambia kila mgonjwa aje kesho yake saa mbili asubuhi. Kila mgonjwa, umenisikia? Wako elfu tatu na mia mbili. Na kompyuta za kliniki zinachukua tawi hilo kwenye seva kila siku saa sita mchana na kutuma meseji zilizomo papo hapo. Haliwezi kuponyoka?"

"Haliwezi. Toleo la zamani lingelibeba. Hili jipya, unaandika sukuma, unabonyeza enta, unanyamaza."

"Sitaaibika?"

"Hutaaibika."

Mkewe akaweka kijiko chini. "Nani amesema hataaibika?"

"Mimi."

"Wewe huyu?"

"Mimi huyuhuyu."

"Mbona unanitisha, baba?"

Ijumaa saa nne kasorobo, Je-Ikiwa akamwagia kibodi yake kikombe kizima cha chai. Herufi zikagoma moja baada ya nyingine. Mchana angepata kibodi nyingine, lakini majaribio ya asubuhi alikuwa hajayaendesha, na kukaa bila kuyaendesha kulimwasha mwili. Akaenda kwa dada wa mapokezi.

"Niazime kompyuta yako dakika tano."

"Usinifungie karata zangu. Nimebakiza mbili nishinde."

Akaweka toleo jipya, akaweka majaribio, akabonyeza. Mstari wa kwanza kijani. Wa pili kijani. Wa tatu mwekundu. Wa nne mwekundu. Ilipofika mwisho, mistari ishirini na sita ilikuwa myekundu, na kila mmoja ulisema jambo lilelile: lilitarajiwa tawi moja, yamefika yote.

Akabonyeza tena. Ishirini na sita.

Mkuu alikuja, akainama, akanusa kama vile kompyuta inaoza. "Hii mashine ina virusi."

"Virusi vya nani?" dada wa mapokezi akasema. "Mimi hapa nacheza karata tu. Hayo madude yenu mmeyaleta leo."

"Kwako yalitoka kijani, si ndiyo?" Mkuu akamwuliza Je-Ikiwa. "Basi kijani ndiyo yenyewe. Jumatatu tunatoa toleo kwa watu wote. Tusianze."

Lakini Je-Ikiwa alikwisha kuanza. Aliyabeba majaribio mpaka meza ya dirishani: mistari myekundu. Meza ya pembeni: myekundu. Akaazima kibodi, akairudia kompyuta yake mwenyewe yenye harufu ya tangawizi, akayaendesha. Kijani. Arobaini na moja. Katika ofisi nzima, kompyuta moja tu ndiyo iliyoona toleo jipya ni salama, nayo ni ya mtu aliyelipitisha.

Kompyuta yangu ina nini ambacho nyingine hazina? Alifungua folda yake ya nyumbani, ile inayobeba mipangilio yake binafsi, akaamuru ionyeshe hata mafaili yaliyofichwa, na humo, chini kabisa, akaliona. Faili dogo lenye mstari mmoja: nikisema sukuma, peleka tawi hili tu. Tarehe yake ni ya miaka tisa nyuma.

Aliukumbuka mwandiko wake, ingawa kompyuta haina mwandiko. Miaka tisa nyuma, siku moja mchana, alikuwa ameandika "sukuma" akanyamaza, na matawi kumi na moja yakaondoka, mojawapo likavuruga kazi ya wiki tatu ya jirani yake wa meza. Jirani hakumtukana. Alikaa tu akiutazama ukuta mpaka saa ya kutoka, na baada ya hapo akawa anamsalimia kwa kichwa. Siku hiyohiyo Je-Ikiwa aliandika ule mstari ili jambo lile lisimtokee tena maisha yake yote. Halikumtokea. Na kwa kuwa kila alipopewa kompyuta mpya alihamisha folda yake nzima, kama mtu anayehama na godoro lake, mstari ulimfuata kompyuta tatu mpaka leo.

Majaribio yake yalikuwa yananyamaza, yakisubiri kuona Ghala itafanya nini ikiachiwa yenyewe. Lakini haikuwahi kuachiwa yenyewe. Kila mara, ule mstari ulikuwa unaisemea kwa nyuma. Mwoga kuliko wote ofisini ndiye peke yake aliyekuwa hawezi kuiona hatari, na aliyemziba macho ni woga wake mwenyewe.

"Mkuu," akaita, sauti imepanda kama ya mtoto wa darasa la pili, "ule mstari wako ulioandika. Uliuandika wapi?"

Mkuu akaja, akafungua, akaonyesha kwa kidole. "Huu hapa. 'Usipotaja tawi, litakwenda tawi ulilopo tu.' Kiswahili safi kabisa."

"Hii ni sehemu ya maelezo, Mkuu. Ukurasa wa msaada. Programu yenyewe hukuigusa."

Mkuu akausoma tena mstari wake.

"Lakini imeandikwa vizuri," Mkuu akasema polepole.

"Imeandikwa vizuri sana. Simamisha toleo la Jumatatu. Niangalie machoni useme umesimamisha."

"Nimesimamisha. Unakwenda wapi?"

Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Alimpigia Shemeji: simu imezimwa. Kwenye maonyesho kwa Madam, simu zote huwekwa ndani ya kikapu mlangoni. Akapiga tena, kana kwamba kikapu kinaweza kupokea. Kisha akashuka ngazi mbilimbili, shati limechorwa ramani ya chai, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie ofisi ile hakurudi kuhakikisha kama amefunga droo.

Ofisi ya Shemeji iko mitaa miwili mbele, dakika kumi na tano kwa mtu mwenye mapafu. Njia nzima alikuwa akihesabu. Saa sita kliniki zitachukua. Watu elfu tatu na mia mbili, kesho asubuhi, saa mbili, mbele ya milango ya kliniki ambazo Jumamosi zina muuguzi mmoja mmoja. Na Shemeji, chumba cha pasi, masanduku yake hajayafungua yote mpaka leo kwa sababu alisema atayafungua akithibitishwa.

Getini palikuwa na mlinzi mwenye daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi mfupi.

"Andika jina, unakotoka, unayemwona, sababu."

"Ni dharura, kaka."

"Hapo kwenye sababu andika dharura. Dharura ya nini?"

"Kuna kitu kitatokea saa sita."

"Kwa hiyo bado hakijatokea."

"Bado."

"Basi hiyo siyo dharura, hiyo ni miadi. Andika miadi."

Akaandika miadi. Uzi wa kalamu ulikuwa mfupi mpaka akalazimika kupiga magoti ili amalizie jina. Mlinzi akalisoma lile jina halisi, akatikisa kichwa kwa heshima, akafungua.

Aliwakuta katika chumba cha vioo. Madam alikuwa amekaa mkono shavuni, wengine wawili kando yake, na Shemeji amesimama mbele ya skrini kubwa, uso unang'aa. Ripoti ilikuwa imefanya kazi. Walikuwa wanampigia makofi, yale makofi machache ya ofisini, lakini ni makofi.

"Shemeji," Je-Ikiwa akasema akihema, "umeshasukuma?"

Makofi yakaisha.

"Nimesukuma. Shemeji, kuna nini? Dada mzima?"

"Dada mzima. Ulitaja tawi?"

"Si uliniambia ninyamaze?"

"Soma mistari. Ile inayotokea ukishabonyeza enta."

Hakuna mtu duniani anayesoma mistari ile. Shemeji akaigeukia skrini, akarudi juu kidogo, na chumba kizima kikasoma naye. Tawi la ripoti: limefika. Tawi la vikumbusho: limefika.

Ule mng'ao ulimtoka usoni kuanzia paji mpaka kidevuni, kama mtu anayevua nguo. Aliitazama saa ya ukutani, na Je-Ikiwa naye akaitazama. Saa sita kasoro dakika kumi na tatu.

"Vikumbusho vipi?" Madam akauliza.

Je-Ikiwa alikaa kwenye kiti, akaweka mikono juu ya kibodi. Vidole vikaandika herufi ambazo hazimo katika lugha yoyote. Shemeji akamshika kifundo cha mkono, akauondoa.

"Wewe sema. Mimi naandika."

"Andika sukuma. Usibonyeze! Taja seva. Taja tawi, vikumbusho, lote, herufi kwa herufi. Sasa namba ya toleo la jana la tawi hilo, kabla hujasukuma. Siyo hiyo, hiyo ni ya leo. Ya jana. Isome kwa sauti."

Akaisoma. Akaisoma tena kwa sauti iliyokatika katikati. Madam alikuwa amesimama nyuma yao, na pumzi yake wote wawili waliisikia shingoni. Ghala ikauliza: hii itafuta kazi iliyopo, una hakika?

Swali hilo aliomba liwekwe Je-Ikiwa mwenyewe, miaka sita iliyopita, na alilipigania kwenye vikao vitatu.

"Je, ikiwa—" akaanza.

"Shemeji!" Shemeji akasema, akabonyeza enta.

Tawi la vikumbusho: limerudi. Saa sita kasoro dakika tatu.

Hawakukaa. Walisimama wote mbele ya orodha ya kliniki kumi na moja kwenye skrini, wakingoja, na hata mlinzi alikuwa amepanda kuona hiyo miadi imefikia wapi. Saa sita ikagonga. Kliniki ya kwanza: imechukua, toleo la jana. Ya pili, toleo la jana. Ya tano, ya nane. Shemeji alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Ya kumi, toleo la jana.

Ya kumi na moja ilikuwa imekwisha kuchukua. Kompyuta yake ilichukua kwa saa yake yenyewe, na saa hiyo ilikuwa mbele kwa dakika nane. Meseji mia mbili na kumi na nne zilikuwa zimeshatoka. Fika kliniki kesho saa mbili asubuhi.

"Nani alipitisha programu hii?" Madam akauliza. Alimwuliza Shemeji, siyo Je-Ikiwa. Pale Je-Ikiwa alikuwa mgeni mwenye shati chafu tu, na angeweza kukaa kimya, mambo yakajiendea yenyewe.

"Ni mimi," akasema. "Niliijaribu wiki mbili kwenye kompyuta ambayo nilishaifundisha isikosee. Nikamwekea jana mezani kwangu. Akaniuliza mara mbili kama ni salama, nikasema ndiyo. Yeye amefanya nilivyomwambia, neno kwa neno."

Madam alimtazama ile ramani ya chai, kisha akamtazama Shemeji. "Tuma meseji ya kuwaambia wasije. Lakini watu husoma ya kwanza, ya pili hawasomi. Kesho saa mbili nataka uwe kwenye geti la hiyo kliniki umweleze kila atakayefika. Habari ya kubaki tutaiongea nikishajua wamefika wangapi."

"Na mimi nitakuja," Je-Ikiwa akasema.

"Wewe ndiye wa kwanza," Madam akasema.

Alasiri ile alirudi mezani, akaandika jaribio la arobaini na mbili na kuliweka juu kabisa, mbele ya mengine yote. Kabla ya jambo lolote, linaunda folda ya nyumbani iliyo tupu, isiyo na mstari wa mtu yeyote. Akayaendesha. Mistari ishirini na sita myekundu, kwenye kompyuta yake mwenyewe. Alikaa akiitazama, na moyo ukatulia kidogo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Faili la zamani hakulifuta. Alilifungua, akalifunga.

Jumamosi walifika watu sitini na watatu. Je-Ikiwa na Shemeji walikuwa wamefika saa kumi na mbili na nusu, wakatoa mabenchi nje, na kuanzia hapo Je-Ikiwa alikuwa anakwenda kwa mmoja mmoja akiinama.

"Samahani, mama, ile meseji ilitoka kwa makosa."

"Kompyuta imekosea?"

"Hapana, mama. Mimi."

"Basi nirudi?"

"Ukipenda, mama. Ila kwa kuwa umeshafika, muuguzi amekubali kumpima presha kila aliyekuja."

"Nipimwe bure kwa sababu umekosea? Kosea na mwezi ujao, mwanangu."

Wengine hawakucheka. Mzee mmoja aliyekuja kwa miguu, fimbo mkononi, alimpita tu. Alikaa mwisho wa benchi, akavuta pumzi muda mrefu, na Je-Ikiwa akasimama mbele yake bila kujua mikono aiweke wapi, mpaka Shemeji akaja na maji. Saa tano muuguzi alipomaliza watu, alimwita Je-Ikiwa naye, akamfunga kile kitambaa mkononi, akasoma, akasoma tena.

"Wewe ndiwe uliyestahili kuitwa kwa meseji," akasema.

Walipokuwa wakirudisha mabenchi ndani, simu ya Shemeji ikalia. Alisikiliza kwa muda, akasema ndiyo Madam, ndiyo Madam, sitini na watatu, ndiyo. Akaitia mfukoni.

"Enhe?" Je-Ikiwa akauliza.

"Wameniongezea mwezi mmoja wa kuangaliwa."

"Siyo kufukuzwa."

"Siyo kufukuzwa. Amesema nimejua kurudisha tawi kwa dakika kumi, wengine pale hawajui hata kama linarudi."

Je-Ikiwa akashusha upande wake wa benchi. "Je, ikiwa mwezi wenyewe ukiisha halafu—"

"Shika benchi, shemeji."

Akashika.